Fundi Yuko Wapi?

Usiku wa manane simu inalia.
Jengo la ghorofa kumi na moja, mtaa wa Retkinia,
lifti imenasa kati ya sita na saba.
Łódź imelala chini ya theluji ya siku tatu
na mimi natafuta soksi ya pili gizani
nisimwamshe Jagna.

Kuna mwanamume ndani. Namsikia akihema.
"Fundi yuko wapi?"
"Nimefika."
Kimya. Halafu:
"Hakuna mwingine?"

Miaka kumi na tisa naisikia sauti hiyo
nyuma ya kila aina ya mlango.

Karakana ilikuwa na choo kimoja chenye kitasa kibovu;
nikajifunza kutokunywa chai.
Ovaroli walinipa iliyokatwa kwa kipimo cha Zdzisław,
mikono nikaikunja mara nne, kiunoni nikafunga waya.
Ireneusz nilimfundisha mimi kusoma mchoro wa nyaya,
kuisikiliza kamba ya chuma
inavyonung'unika wiki kadhaa kabla ya kukatika.
Siku moja mashine ya kunakili ikatema karatasi isiyo yangu:
mshahara wa Ireneusz.
Niliusoma mara mbili, nikidhani macho yangu ndiyo yenye kosa.
Nikaikunja vizuri, nikampelekea.
Aliona haya, yeye.
Meneja hakuona kitu.

Benki walinipa kiti na glasi ya maji.
Afisa wa mikopo, mwanamke mwenzangu, lulu shingoni,
akauliza kama nina mpango wa kuzaa tena,
kisha akauliza mume wangu anasemaje.
Nikamwambia mume wangu ana maneno mengi sana,
ila siku hizi anamwambia mwanamke wa Poznań.
Hakucheka. Aliandika kitu.
Mkopo haukutoka.

Nikauza pete. Nikauza gari la marehemu baba,
nikanunua jingine bovu zaidi, lenye nafasi ya ngazi.
Zabuni nilizotia saini Bogumiła Kobus hazikujibiwa.
Nikaandika B. Kobus, herufi moja na nukta,
na ile nukta ikabisha hodi ikakaribishwa,
nukta tu, jamani, ndogo kuliko kichwa cha msumari!
Nikifika mkutanoni wanatazama nyuma ya bega langu
wakimngoja Bwana Kobus amalize kuegesha.

Mwaka jana nimeliandika jina zima ubavuni mwa gari,
rangi nyekundu, herufi zote nane.
Nimepoteza wateja wawili.
Sisemi haikuniuma. Mwezi ule tulikula viazi
mpaka Jagna akaanza kuvipa majina.

Basi nikamjibu yule wa ndani:
"Mwingine yupo. Anakaa Wrocław.
Barabara ikiwa nzuri ni saa tatu. Leo si nzuri."
Nikamsikia akipiga hesabu.
"Haya," akasema. "Lakini uwe mwangalifu."

Nikapanda hadi chumba cha mashine,
kule juu ambako baridi hukaa kwenye chuma kama deni.
Umeme nikauzima. Breki nikaiachia kwa mkono,
kidogo, kidogo tena,
kama unavyoutoa mkono chini ya shingo
ya mtoto aliyekwisha sinzia.
Gurudumu likajizungusha.
Nikashuka ngazi mbio, nikafungua ya saba.

Kumbe ni kijana tu, hata ndevu hazijakubaliana,
ameshika maua yaliyolegea shingo
ya mtu fulani wa ghorofa ya tisa.
Akatazama viatu vyangu. Akatazama vyake.
"Mfikishie bosi wako shukrani zangu."
Kisha akapanda kwa miguu.

Nilimfikishia, kwenye kioo cha gari,
nikingoja injini ipate joto.
Alikuwa na grisi shavuni, na usingizi.
Akasema ankara itoke leo hii,
na nisisahau:
saa za usiku ni mara mbili.